Losheni ya Kipa

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla hata chai haijamiminwa, katika nyumba ile kulikuwa na ukaguzi. Mama ndiye aliyeuanzisha. Alikuwa mtunza ghala wa duka kubwa la vyakula, na kutwa nzima kazi yake ilikuwa kuangalia tarehe: maziwa haya mwisho wake lini, unga huu ukae mbele au nyuma ya rafu, hamira ile bado ina nguvu au imeshalala. Alikuwa amezoea mno kugeuza vitu juu chini kutafuta vijinamba vidogo vya kiwandani. Baba, ambaye alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, alimtania kila akirudi safari: "Siku moja utanigeuza na mimi uone kama nimepitwa na muda."

Siku ya ukaguzi vitu vilitolewa makabatini vikapangwa mezani. Mswaki uliotanuka nywele ulibadilishwa hata kama mwenyewe alilalamika kwamba bado unasugua. Sponji ya kuoshea vyombo ilinuswa, ikavutwa, ikahukumiwa. Mpira wa gesi ulikunjwa kuona kama una nyufa, kisha ukasomwa mwaka uliochapwa ubavuni mwake. Dawa ya kikohozi, dawa ya macho, betri za tochi, vyote vilipita mbele ya mama kama wanafunzi wanaokaguliwa kucha.

"Mkurugenzi, soma," mama alisema asubuhi hiyo.

Mkurugenzi lilikuwa jina la utani la binti yake mkubwa, mwenye miaka kumi na mitatu. Alipewa kwa sababu tangu akiwa mdogo alipenda kupanga watu na vitu, nani akae wapi na nani ashike nini. Shuleni nako lilimganda, kwa kuwa yeye ndiye aliyeongoza kikundi cha maigizo.

"Losheni ya jua," alisoma, huku akiigeuza chupa nyeupe. "Mpya. Mwisho wake mwaka kesho kutwa."

"Safi. Ile ya zamani itafika Ijumaa, kwa hiyo hii ianze Jumamosi ijayo. Na hiyo nyingine hapo?"

"Hii ni ile iliyosahauliwa kwenye lori la baba. Mwisho wake ulikuwa mwezi wa pili."

"Imepitwa na muda, tena imechemka kwenye joto la lori miezi yote hiyo. Iende mfukoni."

"Jamani, mama! Imejaa!" Kipa alipiga kelele kutoka upande wa pili wa meza. "Si tuimalize kwanza?"

Kipa alikuwa mdogo wake Mkurugenzi, mtoto wa miaka kumi aliyeitwa hivyo kwa sababu katika timu ya watoto wa mtaa hakuna aliyempita kwa kudaka. Alizaliwa na ualbino. Ngozi yake haikuwa na rangi ya kuikinga na jua, kwa hiyo alitoka nje akiwa na kofia pana, shati la mikono mirefu, na losheni kila palipobaki wazi. Alijipaka kama watoto wengine wanavyovaa viatu, bila kufikiri na bila kusahau.

"Sikiliza, baba," mama alimwambia. "Losheni ya jua ikipitwa na muda, au ikikaa kwenye joto, inachoka. Utaiona nyeupe, utaipaka, lakini haifanyi kazi yake. Utakuwa umejipaka matumaini. Ndiyo maana nanunua mpya kabla ile ya zamani haijaisha."

Chupa mpya ikawekwa kwenye kibao karibu na mlango wa mbele. Ile ya lori ikatiwa katika mfuko uliotundikwa msumarini nyuma ya mlango wa jikoni. Humo viliwekwa vitu vilivyopitwa na muda mpaka mama apate siku ya mapumziko avipeleke famasi, wakaviteketeze inavyotakiwa.

Wiki hiyo shuleni kulikuwa na mashindano ya maigizo. Igizo la kikundi cha Mkurugenzi lilihusu sanamu tatu za bustanini zilizomwona mwizi, na kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kimoja. Sanamu zilitakiwa ziwe nyeupe pe, na poda iliyoahidiwa na mmoja wa waigizaji ilikuwa kikopo kidogo, cha kupaka mashavu mawili basi. Mkurugenzi alilijua hilo tangu jana yake. Ndiyo maana asubuhi ya mashindano, alipopita mlangoni na kuiona ile chupa nyeupe, mkono wake uliichukua kabla akili haijauliza.

Alijiambia atatumia kidogo, usoni tu. Lakini uso mweupe juu ya shingo nyeusi ulichekesha, ikabidi wapake shingo. Baada ya shingo ikawa mikono, na baada ya mikono sanamu ya tatu ikalalamika kwamba imepunjwa. Losheni isiposuguliwa hubaki nyeupe kama chokaa, na siku hiyo hakuna aliyeisugua. Pazia lilipofunguliwa, ukumbi mzima ulisema "Aaah!" Walishika nafasi ya kwanza. Mwalimu mkuu mwenyewe alimshika Mkurugenzi mkono, na wenzake wakamnyanyua juu juu huku wakimpaka weupe kwenye sare.

Aliporudi nyuma ya jukwaa kukusanya vitu, aliitikisa ile chupa. Haikusema kitu. Aliibonyeza, ikakoroma, ikatoa tone.

Njiani kurudi nyumbani alitembea polepole. Alipanga maneno: mama, nisamehe, niliazima kidogo. Lakini chupa haikuwa imeazimwa kidogo. Alimkuta mama ameketi ukumbini, viatu amevivua, miguu ameiloweka kwenye beseni la maji ya chumvi. Ghalani kulikuwa na shehena mpya na alikuwa amesimama tangu asubuhi.

"Nimesikia!" mama alisema, uso ukimchanua. "Mama wa jirani amenipigia simu. Mwanangu wa kwanza shule nzima! Njoo nikukumbatie."

Mkurugenzi alikumbatiwa. Yale maneno aliyoyapanga hakuyasema.

Baadaye, mama alipokwenda kuoga, aliingia jikoni. Mfuko ulikuwa palepale msumarini. Akaingiza mkono na kuitoa ile chupa ya lori. Akajiambia kwamba chupa zote mbili zimetoka kiwanda kimoja. Akajiambia kwamba wakati mwingine maziwa hupitwa na tarehe na bado hayajachacha. Akajiambia kwamba atamweleza mama kesho, au kesho kutwa, mama akiwa hajachoka. Wakati akijiambia yote hayo, mikono yake ilikuwa imeshafungua vifuniko viwili.

Kwanza yalitoka maji yenye rangi ya manjano, halafu mabonge. Alimimina mpaka chupa mpya ikajaa, akaifunga, akaitikisa kwa nguvu. Akabonyeza tone kiganjani. Lilikuwa jeupe. Ukiangalia tarehe nyuma ya chupa, bado iliandikwa mwaka kesho kutwa. Chupa tupu akairudisha mfukoni, na ile iliyojaa akairudisha kwenye kibao chake karibu na mlango.

Siku mbili tatu zilipita zikiwa za mawingu, na Kipa alishinda darasani, akijipaka mabaki ya chupa ya zamani. Mkurugenzi akaanza kupumua. Kisha ikafika Jumamosi, siku ya bonanza la mtaa: timu sita, mechi kutwa nzima, kwenye uwanja usio na kivuli hata cha kusimamisha kuku. Jua lilichomoza likiwa kali.

"Kipa, leo usiende," Mkurugenzi alimwambia, akijaribu kuifanya sauti yake iwe ya kawaida. "Jua litakuwa kali sana."

Kipa alicheka. "Jua kali na mimi tunafahamiana, dada. Nina silaha." Aliichukua chupa mpya, akaanza kujipaka uso, masikio, shingo, mikono. Akasimama kidogo, akanusa vidole. "Mbona hii inanuka kama mshumaa?"

Hapo ndipo ulipokuwa mlango wa kutokea. Mama alikuwa ameshakwenda kazini, nyumbani walikuwa wawili tu, na neno moja lingetosha. Mkurugenzi alifungua kinywa.

"Ndivyo zilivyo mpya," alisema.

"Haya." Kipa akainama kujipaka magoti.

"Vaa suruali ndefu basi!"

"Kipa gani anadaka na suruali ya shule, dada? Watanicheka mpaka mwakani." Akachukua kofia, akaitia chupa kwenye begi, akatoka akirukaruka. Mkurugenzi alibaki mlangoni. Alijua angeweza kumkimbilia, na hakumkimbilia.

Kipa alirudishwa jioni na kocha wao, kinyozi wa pale mtaani, akiwa amefunikwa taulo lenye maji. Uso ulikuwa mwekundu na umevimba mpaka macho yamekuwa mistari miwili. Masikio, nyuma ya shingo na magoti vilikuwa na malengelenge. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, na jioni yenyewe ilikuwa ya joto.

"Kila mapumziko alikuwa anajipaka, mama," kinyozi alisema, kofia mkononi. "Nimemwona kwa macho yangu. Mechi ya nne ndiyo nikaona rangi inabadilika, nikamtoa. Tatizo nilimwacha muda mrefu."

Mama alimpeleka zahanati saa hiyo hiyo, na Mkurugenzi akafuata nyuma akiwa amebeba kofia. Daktari alimwosha Kipa kwa maji baridi, akampaka dawa, akampa vidonge vya maumivu. Kisha akaandika kwamba mtoto asitoke juani wiki mbili.

"Atapona," daktari alimwambia mama. "Lakini nikuambie ukweli. Ngozi kama hii, kila ikiungua vibaya namna hii, hatari ya saratani ukubwani inaongezeka. Losheni si urembo kwake. Ahakikishe anapaka."

"Nilipaka," Kipa alisema kutoka kitandani, midomo ikiwa imekauka.

Usiku ule mama alikaa pembeni ya kitanda chake, akimbadilishia kitambaa cha maji. Mkurugenzi alikuwa kwenye kitanda cha pili, shuka hadi puani.

"Mwanangu," mama alisema kwa upole, "niambie tu. Hutachapwa. Ulipaka vizuri, au mpira ulikunogea ukasahau?"

"Nilipaka, mama."

"Kipa..."

"Nilipaka! Haki ya Mungu nilipaka! Mbona huniamini?" Akaanza kulia, na machozi yalipogusa mashavu yaliyoungua akalia zaidi kwa maumivu. Mama akamfuta kwa ncha ya kitambaa, huku akisema haya, haya, basi, yameisha. Lakini hakusema nimekuamini.

Mkurugenzi aliuma shuka. Angeweza kuvumilia mama amkasirikie yeye. Kumsikia mdogo wake akibembelezwa kama mwongo wakati amesema kweli tupu, hilo hakuliweza. Na bado hakuinuka.

Kesho yake mama alikuwa amefikiri upya. Kinyozi alikuwa ameona. Mtoto alikuwa ameapa. Aliichukua chupa, akaigeuza, akaisoma tarehe mara mbili.

"Nzima," alisema. "Tarehe nzima kabisa. Basi tumeuziwa kitu kibovu. Mimi! Mimi ambaye tarehe ndiyo kazi yangu!" Alimwangalia Mkurugenzi. "Kesho ukitoka shule twende famasi. Wewe ndiye uliyeisoma hii tarehe mbele yangu. Utakuwa shahidi."

Famasi ilikuwa chumba chembamba chenye kaunta ya kioo na feni ya mezani iliyokuwa ikigeuza kichwa huku na huku. Mfamasia alikuwa mzee nadhifu, miwani yake ikiwa imefungwa uzi shingoni. Alimfahamu Kipa tangu akiwa anabebwa mgongoni, na chupa zote za losheni ya nyumba ile zilitoka kwake.

Mama hakupiga kelele. Aliweka chupa juu ya kioo na kueleza. Mfamasia alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akavaa miwani, akabonyeza losheni nyuma ya mkono wake. Maji ya manjano yalitangulia, bonge likafuata. Akanusa.

"Imeharibika," alisema polepole. "Mama, hii imeharibika kabisa. Na tarehe ni hii. Sijawahi kuona." Alikaa kwenye kiti. "Labda ilipata joto njiani. Labda ni ghala langu kule nyuma, feni iliharibika wiki nzima. Kosa litakuwa la kwangu. Niwie radhi. Mtoto yukoje?"

"Amevimba hata macho hayafunguki."

Mfamasia akatikisa kichwa. Aliinuka, akaenda kwenye rafu, akazitoa chupa zote za losheni ile, moja moja, akazitia kwenye boksi. "Siuzi hata moja mpaka kiwanda kije kupima," alisema, akilifunga boksi kwa utepe wenye gundi. "Watachukua wiki, pengine mbili. Afadhali nikose kuuza."

Mkurugenzi alisimama karibu na mlango akitazama gundi ikivutwa. Kila ilipolia krrr, alihisi ni yeye anayefungwa.

Wakati huohuo akaingia mtu mzima mwenye ualbino, mrefu, kofia ya majani pana kama sinia, mikono ya shati imefungwa vifungo mpaka viganjani. Alikuwa fundi wa kuezeka. Nyundo ilikuwa ikining'inia kiunoni mwake na vumbi la mabati lilimeta kwenye buti.

"Shikamoo, daktari. Mama, habari za leo? Binti, hujambo? Nimekuja kuchukua chupa yangu. Iliyobaki ni ya kesho asubuhi tu, na mimi sisubiri mpaka niishiwe, unanijua."

"Fundi, nisamehe sana," mfamasia alisema. "Leo sina."

"Huna? Na hizo nilizoziona juzi?"

"Nimezitoa sasa hivi. Kuna mtoto ameungua. Nahofia zote ni mbovu."

Fundi aliliangalia boksi, akaiangalia na ile chupa juu ya kaunta. "Pole sana, mama," alimwambia mama kwanza. Kisha akavua kofia, akajikuna kichwa, akairudisha. "Sasa nifanye nini, daktari? Famasi nyingine yenye hii iko mbali, nikienda nimepoteza siku. Tumeshabomoa paa la watu. Wana watoto wadogo mle ndani na mvua zimekaribia." Akajaribu kucheka. "Nitajifunika gunia kama maharage. Jua litajua lenyewe pa kunipata."

Mfamasia alisema tena nisamehe. Fundi akaitikia hamna shida, kwa sauti ya mtu mwenye shida, akageuka kutoka. Mkurugenzi aliyaona masikio yake yakipita karibu. Yalikuwa na makovu madogo, ngozi iliyokwanguka na kupona, ikakwanguka tena. Akayaona masikio ya Kipa.

"Usiondoke!" alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Losheni si mbovu. Za kwenye boksi si mbovu. Ni mimi."

Feni iligeuza kichwa, ikarudi.

"Wewe umefanya nini?" mama aliuliza.

Alisema yote, akiangalia sakafu: sanamu tatu, chupa tupu, mfuko wa nyuma ya mlango, chupa ya lori. Alisema hata lile la mshumaa, ambalo hakuna mtu angelijua. Alipomaliza, kamasi zilikuwa zinamtoka, na hakuwa na leso.

Mama hakumgusa. Uso wake ulikuwa umekuwa wa mtu aliyechoka sana. Alimgeukia mfamasia.

"Baba yangu," alisema, "nimekuja kukutukana dukani kwako."

"Hukunitukana, mama."

"Nimekufanya uamini umeunguza mtoto. Nisamehe."

Mfamasia aliivua miwani, akaipangusa ingawa haikuwa chafu. Kisha akachukua kisu, akakata gundi, akatoa chupa moja, akaisoma tarehe kwa sauti na kumkabidhi fundi. Fundi aliipokea. Kabla hajatoka alisimama mbele ya Mkurugenzi.

"Binti," alisema bila ukali, "mimi nilipokuwa rika la huyo mdogo wako, nyumbani hatukuwa na hizi. Unaziona hizi alama? Basi." Akaenda zake.

Walipofika mlangoni mama alisema: "Utamwambia mwenyewe."

Kipa alikuwa ameketi kitandani, dirisha limefungwa pazia, akisikiliza wenzake wakipiga mpira nje. Uvimbe ulikuwa umeanza kupungua. Mkurugenzi alipiga magoti sakafuni, akamwambia. Alitarajia atalia, au atamtupia mto. Kipa hakufanya hata kimoja.

"Kwa hiyo ulikuwa unasikia," alisema. "Usiku ule mama alivyoniuliza. Ulikuwa macho."

"Nilikuwa macho."

"Nikaitwa mwongo, ukanyamaza."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Toka," Kipa alisema, akageukia ukuta.

Mama aliingia baadaye, akakaa kitandani na kumwomba Kipa radhi kwa kutomwamini. Mkurugenzi alizisikia sauti zao kupitia ukutani, lakini hakuthubutu kusogea.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mkurugenzi alifanya kazi zote za nje za Kipa, akanika nguo, akafagia uwanja, akaleta maji. Kila akitoka shule alipita kwa mwalimu wa Kipa kuchukua mazoezi ya siku ile. Kipa aliyapokea na kusema ahsante kama anavyoambiwa karani. Baba alipiga simu kutoka safarini, akaelezwa, akamwita Mkurugenzi kwa jina lake halisi, jambo ambalo hakulifanya tangu amwandikishe shule. Hilo peke yake lilimliza.

Jumamosi mama alimwamsha mapema. "Vaa. Leo unakuja kazini kwangu."

Ghala la duka lilikuwa na baridi na harufu ya maboksi. Mama alimpa aproni iliyomfika miguuni, wakaanza kwenye maziwa. Yanayokaribia mwisho yaliletwa mbele, mapya yakasukumwa nyuma. Yaliyopitwa na muda yakatolewa na kurekodiwa. Walifanya hivyo kwa mtindi, mikate, vyakula vya watoto wachanga, dawa ya meno, mpaka vidole vya Mkurugenzi vikafa ganzi.

Saa tatu milango ilifunguliwa. Mama alimvuta nyuma ya rafu ya vyakula vya watoto. "Tazama," alisema.

Aliingia mama mmoja kijana na mtoto mgongoni. Alichukua kopo la maziwa ya unga, akalitia kwenye kikapu, akaondoka. Baada yake akaja mzee, akachukua mawili.

"Umeona nini?" mama aliuliza.

"Wamenunua maziwa."

"Waliangalia tarehe?"

"Hapana."

"Wanatakiwa waangalie, na mimi huwaambia kila mtu aangalie. Lakini wengi wana haraka, au hawajui kusoma, au macho hayaoni vile vijinamba. Wananiamini mimi, na hata jina langu hawalijui. Kipa naye alikuamini hivyohivyo. Tena yeye alinusa, akakuuliza." Mama alinyoosha kopo lililokaa upande. "Kumaliza losheni ni kosa la mtoto. Ungeniambia jioni ile, ningefoka, ningekunja uso, kesho yake tungenunua nyingine. Ulichofanya kibaya ni kuweka kitu cha uongo ndani ya chupa yenye tarehe ya kweli. Kitu kikiisha, mwanangu, sema kimeisha. Aibu yake ni ya dakika tano. Ukificha, anayeumia ni yule asiyejua."

Mkurugenzi alijifuta macho kwa aproni. "Mama, Kipa atanisamehe lini?"

"Hiyo siyo tarehe ya kupanga wewe," mama alisema. "Twende, bado kuna sabuni."

Wiki mbili zilipokwisha, daktari alimruhusu Kipa kutoka. Ngozi ya shingo ilikuwa imebanduka na nyingine laini imeota. Asubuhi hiyo alisimama karibu na mlango akiwa amevaa suruali ndefu ya michezo ambayo kinyozi alikuwa amemtafutia, na kofia yake mpya yenye ukingo wa nyuma. Alichukua chupa iliyonunuliwa jana yake. Aliigeuza, akasoma tarehe mwenyewe kwa sauti. Alihakikisha karatasi ya mdomoni haijaguswa, akaibandua. Akanusa. Akabonyeza tone kiganjani, akalichungulia kama mfamasia.

Mkurugenzi alikuwa akifagia ukumbi. Alifagia palepale mara tatu, bila kuinua kichwa.

Kipa alijipaka uso, masikio, mikono. Akajaribu kufika nyuma ya shingo, mahali ngozi mpya ilipokuwa bado inauma ukiikunja, akashindwa. Mama alikuwa jikoni, mikono imejaa sabuni. Kipa aliangalia upande wa jikoni, akaangalia nje, kulikokuwa na kelele za wenzake. Kisha akamgeuzia dada yake mgongo, akanyoosha chupa nyuma bila kumtazama.

"Shingoni sifiki," alisema. "Na uharakishe, wananisubiri."

Mkurugenzi aliweka ufagio chini, akafuta mikono kwenye gauni, akaipokea chupa. Alipaka taratibu, kuanzia chini ya nywele mpaka ndani ya kola, nyuma ya sikio hili na nyuma ya sikio lile, akirudia mahali alipokwisha kupaka.